Kukagua Kabla ya Kukarabati: Majengo ya Shule katika Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

(Mada iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi wakati wa maadhimisho ya miaka mia moja)



Usharika unapotimiza miaka mia moja, kitabu cha kumbukumbu hujaa majina na tarehe: nani alihubiri kwanza, nani walibatizwa, jiwe la msingi liliwekwa lini na jengo lilizinduliwa na mgeni yupi. Ni haki iwe hivyo. Lakini ni nadra kukuta katika vitabu vya namna hii mstari mmoja unaoeleza ni lini paa la shule lilipigiliwa misumari mipya, au ni fundi gani aliyeuelekeza kwingine mfereji uliokuwa ukimwaga maji kwenye msingi wa darasa. Kujenga kuna sherehe, kutunza hakuna. Mada hii inahusu jambo hilo lisilo na sherehe, na hasa hatua yake ya kwanza, yaani kwenda kuyatazama majengo kwa utaratibu na kuandika hali yake kabla ya fedha yoyote kutumika.

Katika nchi ya Konde, shule na kanisa vilizaliwa chini ya paa moja. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, mwaka uleule Wamoraviani walipoanza kazi Rungwe. Katika miaka michache iliyofuata vilianzishwa vituo vya Manow, Mwakaleli na, huku ziwani, Ikombe. Kuzunguka vituo hivyo zilichipuka shule ndogo za vijijini, ambamo jengo moja lilikuwa darasa siku za juma na nyumba ya ibada siku ya Bwana.

Ujenzi, hata hivyo, haukuletwa na wageni. Joseph Thomson alipopita nchi hii mwaka 1879 alistaajabia unadhifu wa nyumba za Wanyakyusa, zilizojengwa kwa mianzi na udongo. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti hapa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza desturi ya vijiji vya rika: wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao na kuanzisha kijiji chao. Kwa hiyo kila mvulana alijua kujenga, na kila mmoja alijua kutazama alichokijenga. Nyasi za paa zikioza, mvua iliingia usiku uleule. Mwanzi ukiliwa na mchwa, nyumba iliinama mbele ya macho ya mwenyewe. Nyumba ile ilidai matunzo kila mwaka, na iliyapata.

Tofali la kuchoma na bati vilikuja na sifa ya kudumu, nayo sifa hiyo ni ya kweli. Ila vilileta pia fundisho moja la uongo, kwamba jengo likishamalizika, limemalizika. Tofali halilalamiki mapema. Maji huweza kuuramba mguu wa ukuta miaka kumi na mitano bila mtu kushtuka, na siku ufa unapoonekana wazi, gharama imekwisha kuwa ya kubomoa na si ya kuziba.

Tena majengo haya yamepita katika mikono mingi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka nchi hii, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na Waskoti wa Livingstonia wakasaidia kuutazama uwanja wa Konde mpaka Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena. Kisha, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za makanisa zilizokuwa zikipata ruzuku zilichukuliwa na Serikali. Kila mikono ilipobadilika lilibaki swali dogo lenye madhara makubwa: ufunguo umekabidhiwa kwa fulani, na nyundo je? Leo watoto wengi wa Usharika wanasoma katika shule za Halmashauri ya Wilaya, na wachache katika shule na chekechea za Kanisa. Paa likivuja, mzazi husema shule ni ya Serikali, Halmashauri husema bajeti ya mwaka imekwisha, mwalimu mkuu husema anasubiri kikao cha kamati. Wote huwa wanasema kweli. Maji hayasubiri kikao.

Na maji ya Kyela si ya kubezwa. Sehemu nyingi za wilaya hii hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ni vema wazee wa Usharika waifanye hesabu ifuatayo wenyewe kwa kalamu. Jengo la madarasa matatu lina paa la karibu mita za mraba 200. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa hilo humwaga lita 400,000 kila mwaka, nusu upande huu na nusu upande ule. Ikiwa jengo lina urefu wa mita 27, kila mita moja ya ukuta inapokea miguuni pake zaidi ya lita 7,000 kwa mwaka, zikianguka kutoka juu mahali palepale. Pasipokuwa na gata, wala mfereji wa saruji chini ya michirizi, ardhi huchimbika, msingi huachwa wazi, na matone yanayoruka huilowesha kozi ya kwanza hadi ya tano ya matofali. Asilimia kubwa ya maradhi ya majengo ya mwambao huu huanzia hapo, wala si kwenye rangi iliyopauka ambayo ndiyo inayowaudhi wageni.

Anayeingia katika uwanja wa shule kongwe ya ukanda huu huweza kukuta majengo ya vizazi vinne yakiwa bega kwa bega, na kila kizazi kina ugonjwa wake. Yale ya zamani kabisa mara nyingi yana kuta nene zilizounganishwa kwa udongo na kupigwa chokaa au saruji kwa nje tu. Huonekana imara, lakini plasta ikipasuka, maji huukuta udongo ndani na kuuyeyusha kimyakimya. Yale yaliyofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, wakati Elimu kwa Wote ilipodai madarasa kwa haraka, yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Humo hukutwa tofali zisizoiva sawasawa, na juu ya madirisha mbao zikifanya kazi ya linta. Baada ya ada kufutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006, ulileta madarasa mengi kwa muda mfupi. Katika majengo ya namna hiyo inafaa kutazama unene wa bati (geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba hudanganya) na jamvi lililopasuka kwa sababu kifusi hakikushindiliwa. Mwisho ni madarasa ya mwaka 2021, yaliyojengwa kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19: madarasa 15,000 nchini kote, kwa shilingi milioni 20 kila moja. Hayo bado yanang'aa, na kwa sababu yanang'aa hakuna anayeyatazama. Jengo jipya ndilo rahisi kuliko yote kulitunza, kama gata litawekwa kabla ya mguu wa ukuta kuchimbika.

Ardhi yenyewe nayo inahitaji kujulikana. Uwanda wa Kyela umeumbwa na mashapo ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mito hii haijaacha kazi hiyo. Songwe hubadili mkondo wake hata mpaka wa nchi mbili ukawa jambo la kujadiliwa. Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1915 na 1935 mlango wa kutokea maji katika mto Shire ulikuwa umeziba, na ziwa likapanda kwa karibu mita sita. Aliyejenga ufukweni kwa kuutazama ufukwe wa mwaka mmoja alijenga juu ya dhana. Kwa upande wa Matema, Milima ya Livingstone inasimama juu ya vijiji kama ukuta, na tukio la tarehe 14 Aprili 2024 jijini Mbeya, Mlima Kawetere ulipoporomoka pale Itezi na matope yakafunika nyumba na majengo ya shule, linaonya kwamba mkaguzi asiishie kwenye uzio. Atazame mteremko ulio juu ya shule na mkondo ulio kando yake.

Kisha kuna tetemeko. Ukanda huu uko ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa kwa vyombo barani Afrika. Wengi waliopo hapa wanaukumbuka Desemba wa mwaka 2009, matetemeko mfululizo yalipoitikisa Karonga, ng'ambo ya Songwe. Lile kubwa zaidi, la kipimo cha karibu 6, lilitokea usiku wa manane kuamkia tarehe 20. Madarasa yalikuwa matupu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, lenye kipimo cha 5.9, lilitokea alasiri ya Jumamosi. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha wanafunzi kulazimika kuondoka na majengo kujengwa upya. Saa ya tetemeko haichaguliwi na kamati ya shule. Kinachochaguliwa ni kama ukuta wa pembetatu ulio mwishoni mwa jengo, ambao aghalabu ndio wa kwanza kuanguka, umefungwa vizuri kwenye paa, na kama linta inazunguka jengo lote au imewekwa vipande vipande juu ya madirisha.

Wapendwa, namna ya kukagua haikubuniwa na wahandisi wa karne hii. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, kinaeleza nyumba iliyoota madoa ya kijani au mekundu ukutani. Mwenye nyumba anatakiwa kwenda kutoa taarifa. Kuhani anaamuru vyombo vitolewe, anaingia, anatazama kama doa limeingia ndani kuliko uso wa ukuta, anaifunga nyumba siku saba, kisha anarudi kutazama tena. Doa likiwa limeenea, mawe yenye ugonjwa hung'olewa, ukuta hukwanguliwa, mawe mengine hutiwa na nyumba hupakwa upya. Likirudi baada ya hayo, nyumba hubomolewa. Fundi yeyote mwenye uzoefu ataona kwamba humo mna mambo yote: taarifa, kutazama kwa karibu, kutofautisha kilicho juu na kilicho ndani, kurudi baada ya muda uliopangwa, tiba ya sehemu kabla ya tiba ya yote, na ujasiri wa kubomoa inapobidi. Jambo linalosahaulika kuliko yote ni lile la kurudi.

Ufa ni mfano mzuri. Ufa mmoja unaotazamwa mara moja hauelezi kitu cha hakika; huenda ulikuja na ukame wa miaka ishirini iliyopita ukatulia. Mkaguzi achore mstari mdogo wa penseli pale unapoishia, aandike tarehe ukutani, apime upana wake na kuuandika daftarini. Akirudi baada ya mvua na kuukuta umevuka mstari, hapo ndipo ana habari. Ufa mwembamba wa plasta peke yake si wa kumnyima mtu usingizi. Ufa unaoshuka ngazi kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha hadi chini huashiria msingi unaozama. Ufa wa mlalo chini kidogo ya paa huashiria paa linalosukuma au kuinuliwa na upepo, na watu wa ufukweni wanaijua mwera inavyoyachezea mabati. Ukuta unaotumbukia nje ya timazi, hata bila ufa, ni wa kuogopwa kuliko nyufa kumi.

Vifaa ni vichache: daftari lenye jalada gumu, penseli, futi kamba, timazi, pima maji, tochi, ngazi, na bisibisi ya kuchoma mbao za kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta, ikizama kama kwenye ndizi iliyoiva, mchwa au uozo umekwisha kufika. Simu ya mkononi yenye kamera ni msaada mkubwa, mradi picha ipigwe kila mwaka kutoka mahali palepale. Paa la asbestosi, pale lilipo, lisitobolewe, lisikatwe wala kusuguliwa, kwa kuwa vumbi lake huua polepole. Liandikwe tu, na mhandisi wa Halmashauri aarifiwe.

Mwenye kukagua asitembee peke yake. Usharika una waashi na maseremala wake, nao wanajua zaidi ya wanavyoulizwa. Mwalimu awepo. Na watoto waulizwe, maana mtoto wa darasa la tatu anajua dawati lipi husogezwa mvua ikinyesha, na msichana wa darasa la saba anajua kwa nini rafiki zake hubaki nyumbani siku fulani za mwezi. Kiwango kilichowekwa nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Katika uwanda ambapo maji yako karibu na uso wa ardhi, shimo hujaa mapema na kingo zake hulainika. Sakafu ya choo iliyobonyea ni hatari ya kifo, ilhali kwa desturi wakaguzi hukifikia choo mwisho, jua likiwa limezama na chai ikiwa mezani.

Wakati nao una maana. Ukaguzi mkuu ufanyike Septemba, ardhi ikiwa kavu, ili mafundi wapate wiki kadhaa kabla ya mvua za Novemba. Ukaguzi wa pili, mfupi, ufanyike Aprili mvua ikiwa inanyesha, kwa miavuli na magwanda ya mvua. Yule anayelijua paa kwa kiangazi peke yake hajaliona likifanya kazi.

Baada ya kutazama huja kupanga, na hapa ndipo vikao vingi hupotea. Orodha ya mahitaji ikisomwa mbele ya wazazi, kila mtu huitetea ile aliyoiona, na inayoonekana zaidi ni rangi. Daftari limsaidie mwenyekiti kuuliza kwanza kama kasoro inaweza kumuumiza mtoto. Hiyo haisubiri michango, darasa hufungwa leo hata kama watoto watasomea chini ya mwembe. Baadaye aulize kama kasoro inaingiza maji, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewa unazidisha gharama: gata la leo ni msingi wa kesho kutwa. Yaliyobaki, yakiwa ya sura tu, yanaweza kungoja, na yangoje bila aibu.

Kuhusu fedha, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilishauri mwaka 1990 kwamba mwenye majengo ya umma atenge kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Kwa jengo la madarasa matatu, kwa bei ile ya mwaka 2021 ya shilingi milioni 20 kila darasa, ni shilingi milioni 1.2 hadi 2.4 kwa mwaka. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kikubwa kwa shule inayotegemea ruzuku ya uendeshaji, na kwa kweli ni kikubwa. Lakini jengo linaidai hata lisipolipwa. Linachofanya ni kuandika deni hilo ukutani.

Maandiko yanalijua tatizo hili pia. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, Mfalme Yoashi aliwakabidhi makuhani fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana, na mpaka mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake hawakuwa wametengeneza mabomoko. Hawakusemwa kuwa wezi. Fedha ziliingia katika mambo mengine, na hakuna aliyekuwa na kazi hiyo peke yake. Likawekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, fedha zikahesabiwa na kupelekwa moja kwa moja kwa maseremala, waashi na wakata mawe. Tena imeandikwa kwamba fedha hizo hazikutengenezewa vyombo vya fedha wala tarumbeta. Usharika unaotaka kusaidia shule za eneo lake unaweza kuwa na mfuko wake wa namna hiyo, wenye jina lake na hesabu yake, usiochanganywa na mfuko wa ujenzi wala wa kwaya.

Kuna mpaka wa kuheshimu. Shule ya Serikali hairekebishwi kwa hamasa ya Jumapili. Mwalimu mkuu na kamati ya shule ndio wenye nyumba, na ukuta unaobeba paa usiguswe bila mhandisi wa Halmashauri. Kile ambacho Usharika unaweza kutoa bila kibali cha mtu ni macho, mafundi wake, na ukurasa ulioandikwa vizuri. Barua inayosema kwamba shule ni chakavu hujibiwa kwa pole. Barua yenye vipimo vya ufa wa Septemba na wa Aprili, picha mbili na tarehe mbili, ni vigumu kuiweka chini ya mafaili.

Linalopendekezwa kwa Baraza la Wazee, basi, ni daftari moja kwa kila shule na kila chekechea iliyo ndani ya mipaka ya Usharika. Libaki kwa mwalimu mkuu, na nakala yake ofisini kwa Mchungaji, ili likitokea badiliko la mwalimu au la mchungaji, anayekuja akabidhiwe daftari pamoja na ufunguo. Ukaguzi wa kwanza uwe Septemba inayokuja. Na uanzie kwenye choo cha wasichana, asubuhi, kabla ya chai.